Moto uliotoka shambani mwetu



Ukitoka Bukavu kwa barabara ambayo kila dereva ana jina lake, unapita Miti, kisha unapanda mpaka Tshivanga kwenye ofisi ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega. Halafu gari linaingia msituni na baridi inakushika. Ukianza kuteremka upande wa pili, mwili unapata joto tena, na kama ni mwezi wa 8, pua inakwambia umefika nyumbani kabla ya macho. Moshi wa mashamba umejaa bondeni.

Watu wakisikia habari ya moto wa kichaka wanafikiria bonde la Ruzizi, kule Uvira, ambako majani yanakauka mpaka yanalia chini ya mguu, ao malisho ya ng'ombe kule juu Numbi. Sisi wa Bunyakiri tulikuwa tunajifariji: kwetu ni msitu, mvua inanyesha karibu mwaka mzima, kiangazi ni kifupi, kati ya mwezi wa 6 na wa 8. Kitu kilicholowa kitawakaje? Mimi mwenyewe nilisema hivyo. Nilikuwa na miaka 19, nimemaliza sekondari, sehemu ya kilimo, na nilikuwa najua kila kitu.

Msitu mzima wenye miti mikubwa hauwaki ovyo, hilo ni kweli. Chini yake kuna kivuli na unyevu. Kinachowaka kwetu ni kile kinachoota baada ya msitu kukatwa: majani marefu, vichaka vya miaka miwili mitatu, migomba yenye majani makavu yasiyopunguzwa, mihogo iliyoachwa bila palizi, makuti ya zamani yanayoning'inia kwenye mingazi. Na tuseme ukweli, vichaka vingi hivi ni watoto wa vita. Tangu miaka ya 1990 watu wa Bunyakiri wamekimbia na kurudi mara ngapi? Familia inakimbilia Bulambika, ao Kavumu, ao Bukavu, shamba linabaki peke yake. Ukirudi baada ya misimu mitatu, unakuta kichaka kimekupita urefu. Mikono ya kukata imepungua, wa kulipwa ni bei, na Msimu A unaanza mwezi wa 9, haungoji mtu. Kiberiti ni bei ndogo. Kwa hiyo tunachoma.

Basi niwaelezee siku moja ya mwezi wa 8, ambayo kwa muda mrefu sikupenda kuielezea.

Shamba letu liko kwenye mteremko, mwendo wa dakika kama 40 kwa mguu kutoka barabarani. Chini kuna kijito. Juu yetu kulikuwa na shamba la mama mmoja jirani, mjane, mwenye mingazi zaidi ya 30 na mihogo ya mwaka mmoja. Tulikuwa tumekata kichaka wiki mbili mbele, kimekauka vizuri. Baba alikuwa amekwenda Hombo kuuza mawese. Mimi nilipaswa kupanda gari kesho yake kwenda Bukavu kujiandikisha masomo ya juu, na nilitaka kuacha shamba tayari ili nisisikie maneno.

Mama akaniambia: "Mwanangu, jua hii ni kali. Ungoje baba yako akuye, mutachoma pamoja mangaribi."

Nikamjibu niko na haraka.

Saa 6 na nusu mchana nikawasha chini kabisa, karibu na kijito. Nilifikiri maji yakiwa karibu niko salama. Sasa wale wenye kujua wanacheka, ao wanashika kichwa. Moto ukipanda mlima unakimbia kuliko mtu. Ndimi zake zinalala juu ya majani yaliyo mbele, zinayakausha na kuyapasha kabla hazijayafikia, kwa hiyo kila hatua inarahisisha hatua inayofuata. Tena saa za mchana jua likipiga mteremko, upepo wa bondeni unapanda juu. Mimi niliuweka moto chini, kwenye upepo, saa mbaya kuliko zote, na maji yangu yakabaki nyuma ambako hakukuwa na kitu cha kuzima.

Mwanzoni nilifurahi. Kichaka kilikuwa kinalia kama mvua ya mawe. Kisha nikaona moto uko mbele yangu sana, na kati yetu na yule mama hakukuwa na mpaka wowote isipokuwa njia ya mguu na mstari wa migomba. Ile migomba ndiyo ilikuwa daraja. Majani makavu yakashika, yakaruka, yakaangukia kwenye mihogo yake. Halafu mungazi wa kwanza ukawaka kuanzia kiunoni mpaka juu, na makuti yakaanza kuanguka yakiwa moto, kila moja likianzisha moto mwingine chini.

Alikuwa huko juu, anapalilia. Nilisikia sauti yake kabla ya kumwona: "Moto inakuya! Mingazi yangu! Batu ba Mungu, mingazi yangu!"

Watu walikuja, hiyo ndiyo sifa ya kwetu, hawakuuliza kwanza ni moto wa nani. Walikuja na majembe, mapanga, matawi mabichi, vigogo vya migomba. Mimi nilikimbilia mbele ya moto kuupiga. Mzee mmoja aliyewahi kuchoma makala maisha yake yote alinitoa pale kwa matusi ambayo siwezi kuyaandika katika gazeti la koperative. Alikuwa na haki. Mbele ya moto unaopanda hakuna kazi ya mtu, kuna kaburi. Alitugawa pande mbili, tukaupiga mbavuni, tukitembea juu ya sehemu iliyokwisha kuungua, na kundi la tatu likatangulia mbali juu kabisa kufyeka na kulima mstari mpaka udongo mtupu. Karibu saa 10 upepo ukapungua. Moto ukafika kwenye shamba la maharagi lililokuwa limelimwa juzi yake, ukakosa chakula, ukafa hapo.

Hakuna mtu aliyekufa. Nasema hivyo kwanza kwa sababu ingeweza kuwa vingine.

Jioni tulihesabu vibaya. Tuliona mihogo imepona kwa kuwa iko chini ya udongo. Kumbe shina likifa, muhogo haukai shambani. Ndani ya wiki chache unaanza kuwa mgumu kama kuni, kisha unaoza. Wale wanaolima wanajua muhogo ndiyo ghala yetu: unang'oa leo kidogo, mwezi ujao kidogo, unasomesha mtoto, unanunua dawa. Yule mama alilazimika kung'oa yote kwa mara moja na kuuza kosete Bulambika kwa bei ya yule mwenye kujua huna njia nyingine.

Hapo niweke neno la tahadhari, maana koperative nyingine zinaweza kukutana na jambo hili. Ukiwa na mihogo mingi ya kutengeneza kwa haraka, kuna kishawishi cha kupunguza siku za kulowesha. Usifanye hivyo kwa mihogo michungu. Sumu yake haitoki kwa haraka yako. Kule Kwango, tangu miaka ya 1930, waganga wameandika habari ya konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na haurudi nyuma, na unakamata hasa familia zinazokula mihogo michungu isiyoloweshwa vya kutosha wakati wa njaa. Siku tatu za maji ni siku tatu. Heri uuze kidogo.

Hasara kubwa zaidi mimi, mwenye diploma ya kilimo, sikuiona. Yeye aliiona usiku uleule. Muhogo haupandwi kwa punje, unapandwa kwa mti wake. Shamba likiungua, umepoteza chakula cha mwaka huu na mbegu ya mwaka ujao pamoja. Na miti yake haikuwa ya kuokota njiani. Alikuwa ameitafuta kwa taabu, mihogo safi isiyo na mozaiki, aina zile zilizotoka kwa watafiti wa INERA kule Mulungu, akaizidisha mwenyewe kidogo kidogo. Ukipoteza mbegu safi, unarudi kwa jirani kuomba miti yenye majani yaliyojikunja, na ugonjwa unarudi nayo.

Kuhusu mingazi, kesho yake asubuhi walikuja vijana wakitaka kuikata yote. Walisema imekufa, afadhali watege pombe. Yeye akakataa, akakaa chini ya mingazi yake nyeusi kama mtu wa kilio. Alikuwa na haki kuliko sisi wote. Mungazi mkubwa ulioungua majani bado unaweza kuishi kama moyo wake, kule juu katikati, haukupikwa. Lazima ungoje. Baada ya miezi miwili mitatu, ukiona jani jipya limesimama wima kama mkuki, mungazi uko hai. Kwake wengi walirudi. Michanga aliyoipanda miaka miwili mbele ilikufa yote, na hata ile iliyopona ilikaa zaidi ya mwaka bila kuzaa ngazi za maana. Mwaka mzima bila mawese, kwa mjane, muhesabu wenyewe: chumvi, sabuni, ada ya shule, yote yalikuwa yanatoka katika ile bidoni.

Kahawa inafanana na hiyo kidogo. Mkahawa ulioungua usiung'oe mara moja. Mvua ikianza, ukate kwa chini, kiasi cha goti, na machipukizi yakitoka uchague mawili matatu yenye nguvu. Mgomba nao unarudi kutoka ardhini. 

Baba aliporudi kutoka Hombo hakunipiga. Alikwenda kwa shefu wa lokalite kabla hajaitwa. Barza ilikaa, wazee wakasikiliza, wakasema kama kawaida: mbuzi wawili na kasiksi ya kupatanisha. Yule mama akasimama. Maneno yake nayakumbuka mpaka leo: "Mbuzi inakulwa siku moja. Mimi sitaki mbuzi. Nipeni miti ya mihogo, na mikono ya huyu kijana."

Kisha akanigeukia: "Ni hii njo ulijifunza kwa masomo?"

Sikwenda Bukavu mwaka ule. Nililima kwake misimu miwili, A na B. Baba alizunguka mpaka vijiji vya mbali kutafuta miti safi ya mihogo. Wengine watasema hukumu ilikuwa ngumu kwa kijana. Mimi naona wazee walitaka kumaliza kesi, na yeye alitaka kurudishiwa shamba. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na koperative zetu zinapoamua kesi za moto ziangalie upande wa pili. Sheria ya misitu ya Kongo, namba 011/2002, inaadhibu mwenye kuunguza msitu. Ilitiwa sahihi tarehe 29 mwezi wa 8, siku ambazo kwetu moshi uko juu kabisa. Lakini mjane wa Bunyakiri akitaka kushitaki mbali, nauli peke yake inakula kile anachodai. Kesi hizi zitamalizwa hapa hapa, ao hazitamalizwa.

Mwaka 2019, mwezi wa 8, dunia nzima ilikuwa inalilia msitu wa Amazon kule Brazil. Watu wakafungua ramani za setilaiti za NASA, wakashangaa: alama nyekundu zilikuwa nyingi zaidi Angola na kwetu Kongo kuliko Brazil kwa siku zile. Wakaanza kusema msitu wa Kongo unateketea. Wataalamu wakaeleza kwamba sehemu kubwa ilikuwa ni nyasi na mashamba ya kusini, watu wanaandaa msimu kama kila mwaka. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini yanatulaza usingizi. Setilaiti inaona alama. Haioni kama ile alama imevuka njia ya mguu na kuingia kwa jirani.

Mwaka uliofuata, mwezi wa 10, mlima Kilimanjaro uliwaka upande wa Tanzania, zaidi ya kilomita za mraba 90 zikaungua, na wakubwa wa hifadhi walisema mwanzoni kwamba dalili zinaonyesha moto mdogo wa kupika. Kule mamia ya watu walipandishwa mlimani kuzima, pamoja na wanafunzi. Kwetu hakuna wa kupandishwa. Tulio karibu na moto ndio zimamoto.

Kuna wataalamu wanaokuja na kutuambia: musichome kabisa. Nawaheshimu, na sasa mimi mwenyewe ni mmoja wao, lakini neno hilo likisemwa hivi tu halina faida. Mkulima anachoma kwa sababu nzuri. Majivu yanapunguza ukali wa udongo wetu mchachu na yanatoa potasi. Maharagi ya msimu wa kwanza yanacheka. Magugu na panya wanapungua. Kazi ya wiki tatu inamalizwa mchana mmoja. Tatizo linaonekana baadaye. Azoti imepanda na moshi, mboji ya juu imeisha, na mvua za mwezi wa 9 zinakuta mteremko uko uchi. Msimu wa pili unaanza kushangaa, wa tatu unahama shamba na kukata kichaka kingine. Sisi wa territwari ya Kalehe tunajua maji ya mlimani yanaweza kufanya nini. Bushushu na Nyamukubi, Mei 2023, zaidi ya watu 400 walikufa. Sisemi moto ndio ulioleta mafuriko yale. Nasema mteremko usio na kitu haushiki maji.

Kwetu, kikundi chetu kilianza kidogo. Palipo na kichaka chembamba, hatuchomi tena: tunakata, tunalaza majani kwa mistari kukata mteremko, tunapanda maharagi katikati. Tithonia inayoota kando ya barabara tunaikata na kuifukia, inarudisha azoti bila franga. Palipo na kichaka kizito cha miaka mingi, tunachoma, lakini hakuna mtu anayechoma peke yake. Siku inapangwa katika mkutano na inasomwa kanisani na sokoni, ili mwenye shamba la juu, la chini na la pembeni wote wajue. Kabla ya siku hiyo tunalima mpaka mtupu wa hatua kumi kuzunguka, na upande wa juu tunaongeza. Migomba ya mpakani inapunguzwa majani makavu, mingazi inakatwa makuti ya zamani. Tunawasha jioni upepo ukilala, tukianza juu kabisa ili moto uteremke polepole ukitafuta chakula, na upepo ukibadilika tunaacha, hata kama chakula cha watu kimekwisha kupikwa. Watu wawili wanalala pale. Vigogo vinaficha moto ndani na kuufungua kesho yake saa 6, wakati wote wamekwenda sokoni.

Hiyo kazi ya kulima mpaka ndiyo watu wanaichukia. Hatua kumi kwa mikono ni nyingi. Mwaka wa kwanza tulikuwa na watu 6, wengine walituita waoga.

Jambo ambalo bado linatushinda ni ndugu wanaorudi. Mtu amekaa mbali miaka minne, anafika mwisho wa mwezi wa 8 na watoto watano na debe la maharagi ya kupanda. Hakuwa katika mkutano. Hana siku za kungoja, na kichaka chake ndicho kikavu kuliko vyote. Kumwandikia faini ni kumwongezea mzigo. Tulijaribu kumpa mikono ya kikundi siku mbili bila malipo ili alime mpaka kwanza, na mahali pengine ilifaa, mahali pengine mikono haikupatikana kwa kuwa kila mtu alikuwa kwake anawahi mvua. Koperative zilizopata njia bora zituandikie. Tutaitoa katika toleo linalofuata.

Yule mama bado yuko. Mingazi yake mizee inazaa, na mihogo iliyoko kwetu leo imetoka katika miti aliyotupa yeye baadaye, baada ya kuizidisha. Kila mwezi wa 8 anamtuma mjukuu kuuliza siku gani tutawasha. Siku ikifika anakuja na jembe lake, anaketi mpakani mpaka usiku, hataki kuambiwa arudi nyumbani. Mwaka jana nilikuwa tayari na kiberiti saa 10 na nusu. Akaangalia juu kwenye makuti, akasema bado yanatikisika. Tukangoja.